Ukiwa na Karata Nzuri Mkononi: Ufuate Dau au Upandishe?

Wengi wetu tuliokulia Dar es Salaam tulijifunza karata vijiweni, kando ya birika la kahawa na sahani ya kashata, tukicheza michezo ya turufu kama wahedi wa sitini. Katika michezo hiyo mwenye turufu kubwa huificha mpaka wakati wake ufike, kwa kuwa anayeitoa mapema anawapa wenzake nafasi ya kujipanga. Mazoea hayo tumeingia nayo kwenye poka ya mtandaoni, na kwa maoni yangu hakuna kosa linalotutia hasara zaidi ya hilo katika meza za dau dogo. Kwenye poka ukubwa wa ushindi hutegemea fedha zilizoingia katikati kabla ya karata kufunuliwa, na fedha hizo haziji zenyewe ukiwa umekaa kimya unasubiri kuwashangaza watu.

Mwongozo huu unahusu Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, ambayo ndiyo huchezwa zaidi mtandaoni. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha mezani hufunuliwa karata tatu kwa pamoja, ambazo wachezaji huziita flopu, halafu karata ya nne, na mwisho karata ya tano. Nitatumia neno kufuata kwa maana ya kulipa dau lililowekwa na mwenzako bila kuongeza kitu, kupandisha kwa maana ya kuliongeza, kupita kwa maana ya kutoweka dau wakati hakuna aliyeweka, na fungu kwa maana ya fedha zote zilizokwisha kuwekwa katikati. Karata nitazitaja kama zinavyoonekana kwenye simu: A, ambayo vijiweni ni ree, kisha K, Q, J na namba. Mifano yote ni ya meza ya watu sita yenye madau ya lazima ya shilingi 50 na 100, ambayo wachezaji wawili huyaweka kabla ya karata kugawiwa, na ambapo kila mchezaji ameanza na chipsi za shilingi 10,000, na ninaomba radhi kwa neno chipsi, kwani najua msomaji wa Dar es Salaam akilisoma usiku anawaza mayai.

Kabla ya yote, hakikisha umetimiza miaka 18 na kwamba kampuni unayochezea ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Fedha unayoketi nayo mezani iwe ile ambayo hata ikiisha yote leo, kodi ya nyumba na nauli ya daladala havitaguswa. Nasema hivi kwa sababu ya kiufundi pia: mtu anayeogopa kupoteza fedha ya mezani hawezi kupandisha dau pale anapopaswa kupandisha, na hivyo yote yanayofuata hayatamsaidia.

Hatua ya kwanza: amua kabla ya flopu, na kwa kawaida pandisha

Jozi ya A, ambayo hupatikana kwa wastani mara moja katika migao 221, hushinda takriban asilimia 85 ya michezo ikikabiliana na karata zozote mbili za mpinzani mmoja. Wapinzani wakiwa wawili inashuka hadi asilimia 73, watatu hadi 64, wanne hadi 56, na watano hadi karibu asilimia 49. Tazama namba hizo vizuri, kwa sababu ndizo zinazojibu swali la watu wengi wanaolalamika kwamba jozi ya A huwa inawaponza. Karata hizo hazina nuksi yoyote. Tatizo ni kwamba wao wenyewe wamefuata dau la shilingi 100 kimyakimya na kuwafungulia mlango watu watano.

Mimi mwenyewe nililipia somo hilo. Nilikuwa na A mbili, nikafuata tu ili nisiwatishe wenzangu, na aliyekuwa na dau kubwa la lazima akaona flopu bila kuongeza hata shilingi moja. Alikuwa na 9 na 4, yaani magarasa matupu ambayo angeyatupa mara moja kama ningepandisha hadi 300. Flopu ikaleta 9, 4 na J. Nilimaliza mgao ule nikiwa sina chipsi hata moja, na kwa muda mrefu niliulaumu mtandao badala ya kidole changu.

Kwa hiyo ukiwa wa kwanza kuingia ukiwa na jozi kubwa au A na K, pandisha hadi mara tatu ya dau kubwa la lazima, yaani 300, na uongeze 100 kwa kila mtu aliyekwisha kufuata kabla yako. Kama mwenzako ameshapandisha hadi 300 na wewe una K mbili, pandisha tena hadi karibu 900 ikiwa utacheza baada yake katika raundi zitakazofuata, au karibu 1,200 ikiwa utalazimika kucheza kabla yake. Kuna faida nyingine ndogo ambayo wachezaji wa dau dogo huisahau: kampuni hukata kamisheni kutoka kwenye fungu, na nyingi hazikati kitu kama mchezo umeisha kabla ya flopu.

Nafasi ya kufuata ipo, lakini ni nyembamba. Inajitokeza zaidi pale mtu mgumu, anayecheza karata chache tu, anapopandisha juu ya dau lako. Tuseme una Q mbili na unaamini kwamba mtu huyo hupandisha namna hiyo akiwa na A mbili, K mbili, au A na K pekee. A mbili zinaweza kupatikana kwa njia 6, K mbili kwa njia 6, na A na K kwa njia 16. Katika njia 28 zote, 12 zimekuacha mbali na 16 umezitangulia kidogo tu, na ukijumlisha zote nafasi yako ya kushinda ni takriban asilimia 40. Hiyo inatosha kufuata na kuiona flopu, hasa ukiwa unacheza baada yake, lakini haitoshi kusukuma chipsi zote katikati. Jaribu hesabu hiyohiyo ukiwa na A na K badala ya Q mbili, nawe utaona namna karata zilizo mkononi mwako zinavyompunguzia mpinzani: njia za A mbili zinabaki 3 na za K mbili zinabaki 3.

Hatua ya pili: baada ya flopu, taja watakaokulipa

Swali la kujiuliza si kama karata zako ni nzuri. Unazijua kuwa nzuri, ndiyo maana moyo unadunda. Jiulize: nikipandisha sasa hivi, ni nani mwenye karata hafifu kuliko zangu atakayefuata? Usijibu kwa hisia. Taja karata zenyewe, angalau aina tatu, kimoyomoyo au kwa kuziandika kwenye kikaratasi. Ukiweza kuzitaja bila kujikaza, pandisha. Ukiona kwamba kila unayemtaja angetupa karata, na wanaobaki ni wale tu waliokuzidi, basi fuata.

Swali hilo linaonekana jepesi mno, lakini hatua zote zinazofuata ni njia tu za kulijibu kwa usahihi zaidi.

Hatua ya tatu: isome meza kabla ya kumsoma mtu

Chukua mfano huu. Una 8 mbili, na flopu imeleta 8 ya kopa, 9 ya kopa na K ya shupaza, kwa hiyo una utatu. Fungu lina shilingi 900 na mwenzako ameweka 600. Sasa orodhesha karata zinazoweza kumfanya abaki: karata zozote mbili za kopa, zinazosubiri kopa moja zaidi ili kukamilisha rangi (karata tano za aina moja), J na 10 inayosubiri Q au 7 ili kukamilisha mfululizo (karata tano zinazofuatana), 10 na 7 inayosubiri J au 6, 7 na 6 inayosubiri 10 au 5, na kila mwenye K. Wote hao wana sababu ya kufuata, na wote sasa hivi wako nyuma yako. Meza ya namna hii nitaiita meza yenye moto, na katika meza yenye moto mwenye utatu hupandisha bila kusitasita.

Hesabu yake ni hii. Mwenye kopa mbili anatafuta kopa 9 zilizobaki kati ya karata 47 ambazo hajaziona, kwa hiyo uwezekano wa kuipata kwenye karata ya nne ni takriban asilimia 19, na kuipata kwenye moja kati ya karata mbili zilizobaki ni takriban asilimia 35. Ukipandisha hadi 2,000, yeye atatakiwa kuongeza 1,400 ili kugombea fungu litakalokuwa 4,900, maana yake anahitaji kushinda karibu asilimia 29 ili asile hasara, wakati karata inayofuata inampa 19 tu. Tena moja kati ya kopa zake 9, yaani K ya kopa, inampa rangi yeye lakini inakupa wewe utatu na jozi, ambayo inaishinda rangi. Anaweza kujitetea kwamba akiipata kopa atakukamua zaidi baadaye, na hoja hiyo ina ukweli kiasi, ndiyo maana kopa ya tatu ikifunuka usiendelee kulipa madau makubwa kama mtu aliyefumba macho.

Kufuata tu katika hali hii kuna madhara mawili ambayo hayaonekani papo hapo. La kwanza ni kwamba unampa karata ya nne kwa bei aliyoipanga mwenyewe. La pili, ambalo watu wachache hulifikiria, ni kwamba kopa au Q ikifunuka, hata mwenye K aliyekuwa tayari kukulipa ataingiwa na hofu na kupunguza mwendo, hivyo karata moja inakunyima fedha za wale uliowatangulia na kukuingiza kwenye deni la wale waliokupita.

Sasa geuza meza. Una 7 mbili, na flopu ni K ya shupaza, 7 ya uru na 2 ya pau. Hakuna rangi inayowindwa, hakuna mfululizo wa maana, na wewe una utatu tena. Hapa pana utulivu, na hapa ndipo wale wa vijiweni hujisikia wako nyumbani, kwa sababu wanadhani kukaa kimya hakuna gharama yoyote. Ni kweli kwamba hatari ya kupitwa ni ndogo. Lakini gharama ipo, nayo imejificha kwenye ukubwa wa fungu.

Hatua ya nne: lipigie hesabu fungu mpaka karata ya tano

Nakuomba uipitie hatua hii polepole, ikiwezekana ukiwa na kalamu, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha uchezaji wangu kuliko nyingine zote.

Tuendelee na meza tulivu ya K, 7 na 2. Mwenzako alipandisha hadi 300 kabla ya flopu, wewe ukafuata ukiwa wa mwisho kucheza, na wale wenye madau ya lazima wakatupa. Fungu lina 750, na kila mmoja wenu amebakiwa na 9,700. Mwenzako anaweka nusu ya fungu katika kila raundi, nawe unafuata tu. Kwenye flopu anaweka 375, fungu linakuwa 1,500. Kwenye karata ya nne anaweka 750, fungu linakuwa 3,000. Kwenye karata ya tano anaweka 1,500, na fungu linaishia 6,000. Ukishinda utakuwa umechukua kutoka kwake shilingi 2,925, na zaidi ya shilingi 7,000 zimebaki mbele yake bila kuguswa, katika mgao ambao ulikuwa na karata za kumaliza kila kitu. Na hapo nimechukulia kwamba ataendelea kuweka dau raundi zote tatu. Mara nyingi atapita kwenye mojawapo, na hicho kidogo nacho kitapungua.

Linganisha na hali ambapo unapandisha mara moja tu, pale kwenye flopu. Anaweka 375, wewe unapandisha hadi 1,200, naye mwenye A na K anafuata. Fungu sasa ni 3,150 na kila mmoja amebakiwa na 8,500. Kwenye karata ya nne unaweka 2,400, ambayo ni karibu robo tatu ya fungu, na akifuata fungu linafika 7,950, huku kila mmoja akiwa na 6,100. Kwenye karata ya tano unaweka hizo 6,100 zilizobaki, ambazo nazo ni karibu robo tatu ya fungu. Hakuna dau hata moja kati ya hayo litakalomshtua kwa ukubwa wake. Chipsi zote zimeingia katikati kwa mwendo wa kawaida, na tofauti imeletwa na kupandisha kule kwa mwanzo, wakati fungu lilikuwa bado dogo.

Kwa hiyo kabla hujaamua kufuata kwa utulivu, jiulize fungu litakuwa na ukubwa gani ifikapo karata ya tano, na kama chipsi zilizobaki zitaweza kuingia bila kuweka dau la ajabu. Kama mpinzani amebakiwa na chipsi chache, tuseme 1,500 wakati fungu ni 1,000, hesabu hii inapoteza uzito, kwani zitaingia hata ukifuata. Kadiri mlivyo na chipsi nyingi ndivyo kupandisha mapema kunavyozidi kuwa lazima.

Kwenye meza tulivu nabakiza sababu moja tu ya kufuata: mpinzani anayependa kupiga mkwara. Yupo mchezaji ambaye akiwa na A na Q, na meza ina K, ataendelea kuweka dau mpaka mwisho akitegemea kwamba utaogopa. Huyo ukimpandishia atatupa, ukimfuata atakuletea mwenyewe. Lakini uwe umemwona akifanya hivyo kwa macho yako. Kwenye meza za dau dogo, kwa nilivyoziona, wapiga mkwara ni wachache kuliko tunavyowadhania, na wanaofuata kwa ukaidi wakiwa na jozi ya K ni wengi mno. Hao wa pili ndio wa kuwapandishia.

Hatua ya tano: itofautishe karata nzuri na karata isiyoshindika

Una A na K. Flopu ni K, 9 na 4 za rangi tofauti. Umeweka dau, na mwenzako, mtu mtaratibu asiye na papara, amepandisha. Jozi yako ya K yenye A pembeni ni karata nzuri sana, na kidole kinataka kupandisha tena. Rudi kwenye hatua ya pili na utaje watakaokulipa.

Waliokuzidi hasa ni K mbili, njia 1 tu kwa kuwa K moja unayo wewe na moja iko mezani. 9 mbili, njia 3. 4 mbili, njia 3. Na K na 9, njia 6, ingawa nyingi kati ya hizo watu hawaingii nazo. Uliowazidi ni K na Q, njia 8, na K na J, njia 8. Ukifuata, wote wanabaki mchezoni, pamoja na yule aliyepandisha kwa mkwara bila kuwa na chochote. Ukipandisha tena, mtaratibu mwenye K na Q atajua kwamba mambo si ya kawaida, naye atatupa. Mwenye utatu atafurahi. Umewafukuza wateja na kumkaribisha mwizi. Fuata, na kama karata ya nne haina madhara, endelea kufuata kwa dau la kadiri.

Mpinzani huyohuyo akiwa ni mtu ambaye umemwona mara mbili akimaliza chipsi zake zote kwa K na J, jibu linageuka, kwa sababu sasa una njia 16 za watu watakaokulipa. Hapo pandisha. Sikubaliani na wale wanaofundisha kwamba jozi moja haipandishiwi kamwe. Inategemea ni nani aliye upande wa pili.

Hatua ya sita: hesabu vichwa

Wakibaki zaidi ya wawili, legeza masharti ya kupandisha kwa karata za juu kabisa na uyakaze kwa karata za kati. Mwenye utatu au jozi mbili mbele ya wapinzani watatu apandishe karibu kila mara, maana uwezekano kwamba angalau mmoja wao ana kitu cha kulipia ni mkubwa, na uwezekano kwamba mmoja anawinda karata ya kumpita ni mkubwa vilevile. Mwenye jozi moja, hata ikiwa ya A, awe na tahadhari zaidi: mtu anayeweka dau mbele ya watu watatu kwa kawaida hatanii.

Kama unacheza kabla ya wengine, usizoee kupita ukiwa na karata nzuri kwa matumaini kwamba mtu ataweka dau nawe umpandishie. Wote wakipita, umewapa karata ya bure. Weka dau mwenyewe.

Hatua ya saba: kwenye karata ya tano badilisha kipimo

Karata ya tano ikishafunuka hakuna tena anayewinda chochote. Sababu ya kuwatoza wawindaji imekwisha, na sababu ya kukuza fungu kwa raundi zijazo imekwisha pia, kwa kuwa hakuna raundi zijazo. Kinachobaki ni vipimo viwili.

Cha kufuata ni hiki: gawanya kiasi unachotakiwa kulipa kwa fungu zima litakavyokuwa baada ya wewe kulipa. Fungu likiwa 6,000 na mwenzako akaweka 3,000, utalipa 3,000 kugombea 12,000, hivyo unahitaji kushinda mara moja tu kati ya nne. Cha kupandisha ni kikali zaidi: kati ya mara zote ambazo dau lako jipya litafuatwa, uwe mbele zaidi ya nusu. Zile mara ambazo mpinzani atatupa hazihesabiki, kwani hao fedha yao ungeichukua kwa kufuata tu.

Mfano unaokosewa sana ni wa rangi. Una kopa mbili, kubwa ikiwa Q, na mezani kuna kopa tatu pamoja na jozi ya 9. Mwenzako ameweka nusu ya fungu. Kufuata ni rahisi, kwa sababu unahitaji asilimia 25 pekee na mara nyingi utakuwa na zaidi ya hapo. Ukipandisha, mwenye 9 tatu atasita na huenda akatupa, mwenye rangi ndogo huenda akafuata, lakini mwenye rangi ya A au K, na mwenye utatu na jozi, watafuata bila shaka au watakupandishia tena. Kwenye hali hiyo mimi hufuata, nikishinda nashukuru, nikishindwa sijajilaumu. Mezani kusipokuwa na jozi, na rangi yako ikiwa ya A, hakuna karata yoyote inayokuzidi isipokuwa mfululizo wa rangi moja, nao hujitokeza kwa nadra. Pandisha, na upandishe kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya nane: msome mtu usiyemwona uso

Mtandaoni hakuna jasho la usoni wala mkono unaotetemeka. Wengine husema mwenye kuchelewa kujibu ana karata mbaya. Mimi siamini kipimo hicho kwa wachezaji wa kwetu, kwani anayechelewa huenda kifurushi chake kimeisha, umeme umekatika, au ameshuka kwenye basi la mwendokasi. Angalia ukubwa wa dau na historia yake. Mtu aliyekuwa anafuata tu tangu mwanzo, kisha ghafla akapandisha kwenye karata ya tano, hata kama ni kwa kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa, mwamini. Mara nyingi ana karata isiyoshindika na anaomba umlipe huo mzigo wako wote. Programu nyingi zinakuruhusu kuandika maelezo mafupi juu ya mchezaji. Tumia nafasi hiyo kuandika mambo mawili tu: kama hufuata kwa jozi ndogo, na kama umewahi kumkamata akipiga mkwara.

Programu za kompyuta zilizowashinda mabingwa, kama Libratus mwaka 2017 na Pluribus mwaka 2019, zilichanganya: karata zilezile leo zinafuata, kesho zinapandisha, ili asiwepo wa kuzisoma. Huo ni ufundi wa kweli, lakini una maana mbele ya mpinzani anayekuchunguza. Katika meza ya shilingi 50 na 100 wengi wanatazama karata zao wenyewe na mechi kwenye televisheni. Huna wa kumficha.

Hatua ya tisa: pitia kumbukumbu

Kampuni nyingi huhifadhi historia ya migao yako. Kila unapomaliza kucheza, chagua migao miwili ambayo ulikuwa na karata nzuri ukafuata badala ya kupandisha, hata kama ulishinda, maana ile uliyoshinda fungu dogo ndiyo yenye hasara iliyojificha. Kwenye daftari andika karata zako, meza, ukubwa wa fungu, na chipsi zilizobaki mwishoni mbele ya mpinzani. Kisha andika karata tatu hafifu ambazo zingekulipa kama ungepandisha kwenye flopu. Usifanye kazi hiyo usiku uleule ukiwa bado una hasira au furaha. Ifanye asubuhi, pamoja na chai, kabla hujafungua meza nyingine.